Kuuguza kwa Maneno: Saratani ya Damu na Lugha ya Mwuguzaji katika Nyumba Moja ya Utange

1.0 Utangulizi

Katika masomo ya mofolojia tunafunzwa kwamba kitenzi "uguza" ni kauli ya kutendesha ya kitenzi "ugua". Mwanafunzi mgeni wa sarufi huweza kushangaa: je, anayemwuguza mwenziwe ndiye aliyemtia ugonjwa? Jibu ni kwamba kauli hii haina maana ya kusababisha pekee. Anayemlisha mtoto humsaidia kula. Anayemvusha kipofu barabara humsaidia kuvuka. Kadhalika, anayemwuguza mtu humsaidia kuugua, yaani humsaidia kuupitia ugonjwa wake hadi mwisho wake, uwe mwisho huo ni afya au ni vinginevyo. Mfano huu niliutumia mara nyingi nilipokuwa nikiwasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Maana yake hasa sikuijua mpaka maradhi yalipoingia nyumbani kwetu.

Nyumba yetu iko Utange, katika Kisauni, upande wa bara ulio kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Wengi hulikumbuka jina la Utange kwa sababu ya kambi ya wakimbizi wa Kisomali iliyokuwapo huko mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sisi tulikua tukiijua kwa mashamba ya mihogo na mahindi ambayo yalipungua kadiri nyumba za kupanga zilivyoongezeka. Huko ndiko ndugu yangu mdogo, aliyekuwa na umri wa miaka 17, alikoanza kuchoka bila kazi, kutokwa na damu kwenye fizi na kupata homa zisizokwisha. Alitibiwa malaria mara mbili kabla ya kipimo cha damu, na baadaye cha uboho, kuonyesha kwamba alikuwa na saratani ya damu, ile ya aina kali inayoanzia katika chembe changa za limfu.

Naomba radhi kwa kutumia nafsi ya kwanza katika jarida la kitaaluma. Nimefanya hivyo kwa sababu data ya makala haya ni maneno yaliyosemwa nyumbani, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Daktari alizungumza Kiingereza. Nyanya na shangazi walizungumza Kiswahili cha nyumbani. Mimi nikakaa katikati, kwa kuwa "ndiye aliyesoma". Hoja ninayoitetea ni moja: katika ugonjwa huu neno la mwuguzaji ni sehemu ya tiba, na neno hilo halipimwi kwa usahihi wake katika kamusi pekee, bali kwa tendo linalozaliwa pale linaposikika. Nitaieleza hoja hii kwa maneno machache tuliyoyatumia, likiwemo neno moja nililolifasiri sawasawa ambalo nusura limwondoe ndugu yangu duniani.

2.0 Jina la ugonjwa

Neno "saratani" tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa pwani. Wenye elimu ya nyota wanalijua pia kama jina la buruji. Wayunani wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, kwa kuwa mishipa iliyouzunguka uvimbe ilifanana na miguu ya mnyama huyo. Tatizo la kwanza la msikilizaji ni hili: saratani ya damu kwa kawaida haina uvimbe wa kuonyesha kwa kidole. Ni kaa asiyeonekana. Shangazi aliuliza, kwa haki kabisa, "Iko wapi hiyo saratani yenyewe?"

Jina la kitaalamu, lukemia, halikutusaidia. Ugonjwa huu ulielezwa na John Hughes Bennett wa Edinburgh mwaka 1845, na mwaka huohuo Rudolf Virchow wa Berlin akaueleza pia. Virchow ndiye aliyeupa jina mwaka 1847 kwa maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya "nyeupe" na "damu". Nilipomweleza nyanya kwamba chembe nyeupe za damu zimekuwa nyingi mno, alisema, "Alhamdulillahi." Hakuwa mjinga. Katika lugha yetu weupe ni wa heri: moyo mweupe ni moyo safi, na kukiwa kweupe mambo yamedhihirika. Kuambiwa kwamba damu ya mjukuu wake imejaa weupe kulikuwa, kwake, ni bishara.

Hapo ndipo nilipoona kwamba fasiri yangu, ingawa haikuwa na kosa, ilikuwa imepeleka maana kinyume. Nikaanza upya na neno ambalo kila aliyewahi kununua nyama ya mfupa analijua: uboho. Damu, nilimwambia, hutengenezwa ndani ya uboho kama mimea inavyoota shambani. Uboho huotesha mazao matatu: chembe nyekundu zinazobeba hewa na kumpa mtu nguvu, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, na chembe sahani zinazozuia damu isitoke ovyo. Sasa shamba limeingiliwa na gugu. Gugu hilo linafanana na chembe nyeupe, lakini ni changa, halikomai, halipigani na chochote, na linazaana mpaka mazao yanakosa nafasi. Ndiyo maana mtoto amechoka, fizi zinatoka damu, na kila kijidudu kinachopita kinamwangusha.

Nyanya alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ni kama ndago?" Ndago, kwa wasioijua, ni gugu lenye vinundu chini ya ardhi. Ukilikata juu, siku chache baadaye limerudi. Nilimjibu kwamba ni kama ndago hasa. Tangu siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na jina la ugonjwa. Jina hilo halikutoka kwangu mimi msomi, wala halimo katika orodha yoyote ya istilahi, lakini ndilo lililotuwezesha kuelewana.

3.0 "Kemikali" na ua la uani

Tiba ya ugonjwa huu huitwa tiba ya kemikali, au tibakemikali. Mitaani watu husema "kemo". Kwa msikilizaji wa Utange "kemikali" ni dawa ya kupulizia mboga au maji ya betri. Nyanya aliuliza, "Mwataka kumtia mtoto sumu?" Swali hili mwuguzaji hapaswi kulikwepa. Dawa hizi huua chembe zinazozaana upesi. Chembe za saratani huzaana upesi, lakini hata mizizi ya nywele, utando wa kinywa na wa tumbo, na uboho wenyewe huzaana upesi. Ndiyo sababu nywele huanguka, kinywa huota vidonda, tumbo huchafuka na damu hupungua. Ukificha hayo, siku nywele zinapoanguka mgonjwa hudhani kwamba anakufa. Ukiyasema mapema, hujua kwamba dawa inafanya kazi yake.

Historia nayo ilitufaa. Sidney Farber wa Boston alitangaza mwaka 1948 kwamba dawa ya kuzuia kazi ya asidi ya foliki iliwapa nafuu ya muda watoto waliokuwa na lukemia, ugonjwa ambao kabla ya hapo uliwaua wote kwa muda mfupi. Miaka ya 1960 ikaanza kutumika vinkristini, dawa inayotolewa katika mmea wa asili ya Madagascar wenye maua ya waridi au meupe. Mmea huo umepandwa katika nyua nyingi za Mombasa kwa ajili ya urembo. Ulikuwapo hata mbele ya mlango wetu. Nilipowaambia jamaa kwamba mojawapo ya sindano za ndugu yangu ilianzia katika ua kama lile, neno "kemikali" lilipungua ukali.

Hata hivyo nililipa gharama ya maelezo hayo. Siku ya pili jirani mmoja alikuja na sufuria akitaka kuyachemsha majani ili mgonjwa anywe. Ilinibidi kueleza kwamba majani hayo yana sumu za namna nyingi, na kwamba hospitalini dawa hutengwa, husafishwa na hupimwa kwa kiasi kidogo mno kulingana na mwili wa mgonjwa. Somo nililopata ni kwamba kila sitiari huleta msaada na hatari pamoja. Anayetoa mfano hana budi kukaa hapo aone utafanyiwa nini.

4.0 Neno "homa"

Sasa nifike kwenye kosa langu. Katika siku za saba hadi kumi na nne hivi baada ya sindano nyingi za aina hii, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu hushuka sana. Katika kipindi hicho joto la mwili likipanda, huenda ndiyo dalili ya pekee kwamba vijidudu vimeingia kwenye damu, na mgonjwa asiye na askari mwilini anaweza kufa kwa muda wa saa chache. Daktari alituonya kwa Kiingereza kilicho wazi. Nikaifasiri kauli yake hivi: "Daktari asema akipata homa mumlete hospitalini." Fasiri hii, lau ingekuwa ya mtihani, ningeipa alama zote.

Siku ya tisa nilikuwa chuoni. Yapata saa tatu za usiku ndugu yangu alianza kutetemeka. Shangazi alimgusa paji la uso, akasema, "Ni homa tu hii. Mpeni Panadol alale, kukicha tutaangalia." Joto likashuka, nyumba nzima ikalala. Saa kumi na mbili asubuhi hakuweza kusimama, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alilazwa siku 16, na katika siku tatu za mwanzo hakumtambua mtu yeyote kati yetu.

Shangazi hakukosea. Alilitii neno nililompa. Katika Kiswahili cha pwani "homa" ni joto la mwili, ni malaria, ni mafua. Ndiyo maana lugha imelazimika kuongeza vivumishi na kusema homa ya matumbo au homa ya manjano. Anayezaliwa Mombasa huugua homa mara nyingi kabla ya kufika utu uzima, na mara nyingi hupona kwa kidonge na usingizi. Neno hili limezoeleka kiasi kwamba huvutia kielezi "tu" karibu yake: homa tu. Daktari alikuwa ametoa amri ya dharura. Mimi nikaifikisha kama habari ya kawaida. Maana ya kimsingi ilivuka salama kutoka lugha moja hadi nyingine, lakini uzito wake ulibaki ng'ambo.

Nilipoulizwa baadaye kwa nini sikueleza zaidi, sikuwa na jibu la kujitetea. Nililotenda ni kuandika sentensi mpya kwa chaki kwenye mlango wa jikoni, nikamsomea kila mtu wa nyumba mpaka akaweza kuirudia bila kuangalia:

"Mwili wake ukiwa moto, pima. Kipimajoto kikionyesha 38 au zaidi, hospitali sasa hivi, hata usiku wa manane. Usimpe Panadol kwanza. Ukifika mlangoni sema: huyu anatibiwa saratani ya damu na mwili wake ni moto."

Chini yake niliandika nambari ya simu ya dereva wa tuktuk anayelala karibu nasi.

Msomaji ataona kwamba neno "homa" halimo kabisa. Badala yake mna kitendo (pima), nambari isiyobishaniwa (38), wakati (sasa hivi, hata usiku wa manane), katazo (Panadol huficha joto lakini haiondoi vijidudu) na maneno ya kusema mlangoni ili mgonjwa asiwekwe kwenye foleni. Hii si lugha ya fahari. Lakini miezi mitano baadaye kipimajoto kilisoma 38.4 saa nane za usiku, na shangazi huyohuyo, bila kumpigia mtu simu ila dereva, alikuwa amevuka Daraja la Nyali kabla ya saa tisa. Ndugu yangu alianzishiwa dawa za kuua vijidudu usiku uleule, na siku ya sita alirudi nyumbani akitembea.

5.0 "Sijambo": adabu na taarifa

Kiswahili cha pwani kina jozi ya maneno ambayo wataalamu wa pragmatiki wangefaa kuyachunguza zaidi. Mtu mgonjwa husemwa "hawezi". Akipata afadhali husemwa "hajambo". Lakini "sijambo" ni jibu la salamu pia, na adabu inamtaka mtu alitoe hata akiwa hoi, kisha aongeze shukrani kwa Mola. Ndugu yangu alilelewa vizuri. Kila daktari alipomwuliza hali, alijibu "sijambo". Daktari kijana aliyetoka bara aliandika katika faili kwamba mgonjwa hana malalamiko.

Ukweli ni kwamba vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, kinywa kilikuwa na vidonda, na hakuwa ameenda choo kikubwa kwa siku tano. Yote hayo ni madhara yanayojulikana ya dawa alizokuwa akipewa, na yote yana la kufanywa yakijulikana mapema. Hakuyasema kwa sababu hakuulizwa kwa namna inayomruhusu kusema, na kwa sababu kijana wa umri wake huona haya kutaja choo mbele ya daktari wa kike.

Tulijifunza kutenga salamu na maswali. Salamu iachwe iwe salamu. Baada yake mwuguzaji aulize mambo madogo yasiyojibika kwa "sijambo": Jana ulikula nini, na kilikaa tumboni? Umelala saa ngapi? Waweza kufunga kifungo cha shati? Choo ulienda lini? Majibu tuliyaandika katika daftari la shule, siku kwa siku, nalo likawa likipewa daktari. Daftari lilisema yale ambayo adabu ilizuia ulimi kuyasema. Tunasema "mgonjwa haulizwi uji", na methali hiyo ni nzuri inapohimiza ukarimu. Lakini mgonjwa wa tibakemikali hana budi kuulizwa kila kitu, hata uji.

6.0 Wageni, damu na michango

Kumkagua mgonjwa ni wajibu mkubwa kwetu. Wiki ya kwanza chumba kilijaa watu waliokuja na maembe, maombi na mafua. Kuwakataza ingekuwa ni kuvunja undugu. Kuwaruhusu ilikuwa ni kumhatarisha asiye na kinga. Niliandika tangazo la adabu kwa Kiswahili sanifu, na hakuna aliyelijali. Aliyetatua jambo hili ni nyanya. Alikaa barazani, na kila mgeni alipofika alimwambia, "Mgonjwa wetu yumo ndani ya arubaini." Kila mtu wa pwani anajua kwamba mzazi aliyejifungua hukaa ndani siku 40, haendewi ovyo, halishwi ovyo, na hakuna anayeona kwamba amebaguliwa. Wageni waliitikia, wakaketi chini ya mwarobaini, wakamsalimu ndugu yangu kupitia dirishani, wakaenda zao kwa furaha. Nyanya alikuwa ameuchukua utaratibu wa kitabibu akauweka ndani ya desturi iliyokwisha kuheshimiwa.

Suala la damu nalo lilikuwa la maneno. Tulipotangaza kwamba mgonjwa anahitaji "kutolewa damu", baadhi ya jamaa walielewa kwamba ni yeye atakayetolewa. Tulipotumia "mchango wa damu", walielewa mara moja, kwa kuwa mchango ni taasisi kongwe: mchango wa harusi, wa karo, wa matanga. Lakini mchango wa fedha huweza kukusanywa ukawekwa. Chembe sahani huhifadhika kwa takriban siku tano tu. Watu 20 wakitoa siku moja na baada ya hapo pasitokee mtu, mgonjwa atakosa wiki ya pili. Kwa hiyo tulisema "mchango wa zamu", kila wiki watu wake. Fedha za matibabu zilikuwa na njia zake: bima ya umma, ambayo tangu Oktoba 2024 iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) badala ya NHIF, na mifuko ya jamaa. Lakini damu haina bima. Ina watu tu.

7.0 "Nafuu" na "kupona"

Hatari ya pili kwa ukubwa baada ya homa ilitokana na habari njema. Baada ya wiki chache za kwanza kipimo cha uboho hakikuonyesha tena chembe za saratani. Mama alipiga simu Kilifi na Malindi akisema, "Amepona!" Mjomba aliyekuwa akilipa nauli aliuliza, kwa nia njema, kwa nini basi tunaendelea na sindano. Hata mgonjwa mwenyewe aliuliza.

Matibabu ya saratani hii huchukua miaka miwili hadi mitatu. Huwa na awamu ya kwanza kali ya kuondoa chembe zote zinazoonekana, awamu ya kuimarisha ushindi huo, na awamu ndefu ya kudumisha, ambayo kwa kiasi kikubwa ni vidonge vinavyomezwa nyumbani. Chembe zisizoonekana hubaki zimejificha, na mgonjwa akiacha njiani ugonjwa hurudi ukiwa sugu. Shirika la Afya Duniani, lililoanzisha mpango wake wa saratani za watoto mwaka 2018, linaeleza kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, ilhali katika nchi maskini na za kipato cha kati ni chini ya asilimia 30. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kuchelewa kutambua ugonjwa na kuacha matibabu kabla ya wakati. Baadhi ya hao wanaoacha, naamini, huacha kwa sababu ya neno.

Kiswahili tayari kina tofauti tunayoihitaji. Kupata nafuu ni kupungukiwa na maradhi. Kupona ni kutokana nayo kabisa. Wazee huzitenga hali hizi mbili kwa makini; ni sisi tunaozichanganya kwa haraka ya kufurahi. Tukakubaliana kwamba neno "amepona" lisitamkwe mpaka daktari alitamke, na kwamba jibu letu liwe "amepata nafuu, bado tunatibu". Kuhusu awamu tatu, nyanya alizipa majina ya shambani: kung'oa, kupalilia na kulinda. "Ndago ikishang'olewa shamba huonekana jeupe," alimwambia mjomba, "lakini mkulima haendi kulala." Mjomba aliendelea kutuma nauli.

Upande wa pili wa suala hili ni ukimya. Shangazi alitaka mgonjwa asitajiwe jina la ugonjwa wake, na kwa mwezi mmoja tulimwambia ana "upungufu wa damu". Alilisoma jina lenyewe kwenye faili lake siku aliyotumwa kulibeba kutoka chumba kimoja hadi kingine. Alituambia baadaye kwamba hakuogopa saratani kama alivyoogopa nyuso zetu tulipokuwa tukimdanganya. Wahenga walisema mficha ugonjwa kifo humuumbua. Kwetu kilichotuumbua hakikuwa kifo, lakini fedheha tuliyoipata ilitosha.

8.0 Wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Sheria ipo; maneno ndiyo bado. Na maneno ni kazi yetu sisi tunaokisoma Kiswahili.

Tunao mfano wa kutia moyo. Neno "UKIMWI", lililoundwa kwa kufupisha maelezo ya upungufu wa kinga mwilini, liliingia vinywani mwa watu, nayo fasihi ikalifuata: riwaya ya Ua la Faraja ya William Mkufya (2004) iliwapa wasomaji nafasi ya kukaa na wagonjwa badala ya kuwakimbia. Tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, iliyosomwa katika shule za upili za Kenya, inamweka mama mgonjwa, Sara, katikati ya familia inayobeba mzigo wa matibabu yake. Saratani ya damu bado haijapata fasihi ya namna hiyo kwa wingi. Wala haijapata msamiati wa nyumbani unaojulikana na wote.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, utafiti wa istilahi za tiba usiishie katika kulinganisha kamusi. Usikilize pia wodini na barazani, uone neno likishasemwa watu hufanya nini. Pili, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vishirikiane na wanafunzi wa udaktari na uuguzi kuandika karatasi fupi za maelekezo, kisha zijaribiwe kwa kumtaka msikilizaji ayarudie maelekezo kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kuchapishwa. Tatu, wakalimani wa nyumbani, ambao mara nyingi ni sisi wenyewe, wafunzwe kumwuliza daktari swali moja la ziada: "Tukisikia hivyo, tufanye nini, na saa ngapi?"

9.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba katika nyumba moja ya Utange maneno manne, yaani "nyeupe", "homa", "sijambo" na "kupona", yalikuwa na nguvu ya kudhuru ingawa kila moja lilitumika kwa usahihi, na kwamba maneno mengine, ndago, arubaini, zamu na nafuu, yaliponya pale istilahi ziliposhindwa. Haya ya pili hayakutoka chuoni. Yalikuwapo nyumbani muda wote, yakingoja mtu ayaulize.

Ninapoandika, ndugu yangu yuko katika mwezi wa 14 wa kulinda. Nywele zimerudi. Humeza vidonge vyake kila jioni baada ya chakula, na daftari sasa hulijaza mwenyewe. Watu wakituuliza habari zake husema hajambo, na sisi huitikia. Kisha tunaongeza kwamba bado tunatibu. Maandishi ya chaki yangali mlangoni. Mvua za masika huyafifiza kwa unyevu, na kila yanapofifia shangazi huyaandika upya kwa mkono wake.